Gunzi la Bibi

Nyumba za Walimu,
Kijiji cha Katuwi, njia ya Mpui,
Sumbawanga.
24 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Kasmir,

Hujambo huko Mtwara? Joto na korosho vinakwendaje? Huku baridi imeanza kung'ata, asubuhi tunaongea na moshi unatoka mdomoni. Mimi mzima, ila kifua changu kile cha kila mwaka. Mama ni mzima kabisa, anakata ulezi kwa kisu kama msichana. Hilo nimelitanguliza makusudi, lishike.

Usishangae dada yako kuandika wakati simu zipo. Mtandao hapa unashika pale mlimani tu, na pale mlimani huwi peke yako. Barua nampa kondakta.

Mwaka huu nimepewa kazi ya ushauri nasaha kwa watoto wa madarasa ya chini. Cheka tu: ofisi yangu ni stoo ya majembe, nimetandika mkeka. Watoto wetu unawajua, ukimuuliza ana shida gani atakujibu "sina, mwalimu" huku machozi yanamtoka. Basi nawapa magunzi ya mahindi wajenge kwao, kila gunzi mtu mmoja. Hapo ndipo wanaposema.

Binti yako Coleta aliacha kucheza tangu radi ilipoua ng'ombe wa jirani yetu Polikarp. Nikamwita. Akajenga nyumba, akawapanga wote ndani, ila gunzi la bibi akalipeleka mbali, kule mlangoni. Nikamuuliza kwa nini bibi analala nje. Akasahau kuniita mwalimu.

"Ili wakija wasituchome na sisi, shangazi."

Kasmir, nilimuuliza taratibu mpaka nikayapata yote. Mtoto alimsikia Cleophas, kaka yetu wa tumbo moja uliyemwachia akulelee, akiongea na Polikarp uani. Wamekwenda kwa mganga, kawaambia radi ile ilitumwa na bibi kizee anayekaa juu ya kisima. Juu ya kisima kuna nyumba moja tu, na wewe umezaliwa humo. Wamekubaliana wasubiri kwanza amalize kuvuna ulezi.

Nilimweleza mwalimu mkuu, akafanya vile tunavyofanya siku zote: mtoto akisema jambo zito, anaitwa mwanaume wa nyumba. Akaitwa Cleophas! Alikuja na shati la kanisani, akaelezwa kila kitu, akashukuru sana, akamshika Coleta mkono wakaondoka. Jioni nilimfuata mtoto nikamchukua, sasa analala kwangu. Tangu siku hiyo hasemi na mtu.

Ofisi ya kijiji wamenijibu kwamba magunzi si ushahidi. Jumatatu nakwenda polisi mjini, nimeshaomba ruhusa.

Mama nimembembeleza ahamie kwangu, hataki. Anasema akihama sasa atakuwa amekiri. Tena ananicheka, eti Cleophas siku hizi amekuwa mtoto mwema, kila siku anakwenda kumsaidia kuvuna. Naogopa, mdogo wangu. Limebaki shamba la bondeni tu.

Wewe ndiye kitindamimba wake. Mimi ananibishia, wewe ukimwambia panda basi atapanda. Njoo umchukue. Usimpigie Cleophas, na usifike Mpui kwa basi. Shukia Laela, uchukue bodaboda uje moja kwa moja kwangu.

Wasalimie Alois na Avelina hapo nyumbani kwako, waambie kitenge kilifika na kimenikaa vizuri. Usiwaambie haya mengine mpaka Mama awe mikononi mwako. Bikira Maria akutangulie njia nzima.

Coleta anakuamkia, shikamoo baba, kwa kichwa tu maana mdomo bado. Leo asubuhi alichukua magunzi jikoni akajenga tena, hakuna aliyemwambia. Watu wote wamo ndani, mpaka Cleophas. Bibi hayumo, wala nje hayupo. Nikamwambia, mwanangu, umesahau gunzi moja.

Akatikisa kichwa. Hajasahau.

Ni mimi dada yako nikupendaye, ninayekusubiri,
Luciana