Ndoo Yangu na Bibi Paulina

Tingi, Kilwa

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Sisi wazima. Mama yako anapalilia shamba la mikorosho, na kaka yako anamsaidia huku amenuna.

Unauliza kama urudi nyumbani, maana ile maabara uliyoonyeshwa kwenye simu haipo hapo shuleni kwako. Mimi picha ile niliitilia shaka tangu siku ya kwanza. Shule gani haina hata ndala moja mlangoni?

Shule yangu ya bweni nayo ilisifiwa hivyo hivyo. Nilipofika sikukuta hata bomba, nikaacha kumwamini kila mtu. Asubuhi moja nikaona ndoo yangu haipo. Wakaniambia kaichukua Paulina, msichana wa Kimakonde. Nikaenda kisimani nimekunja ngumi. Nikamkuta ameshaijaza yangu, ndiyo kwanza anaanza kuteka ya kwake.

"Nani kakutuma?" nikamuuliza.

"Hakuna. Kisima hiki kikishatibuka utachota tope. Wewe mgeni, hujui."

Nikawaza, huyu lazima ana lake jambo. Ndiye huyo Bibi Paulina anayetuletea ming'oko, vile viazi vya porini, kila Idi, na mpaka leo namchunguza anataka nini.

Kurudi utaamua mwenyewe, mlango uko wazi. Shule yenyewe usiiamini, hata wakikuambia maabara inakuja. Ila siku usipoiona ndoo yako, mjukuu wangu, usipige kelele kabla hujafika kwenye maji.

Ni mimi bibi yako, na shaka zangu,
Somoe