Mama wa Kiti cha Jirani Alilijuaje Jina la Mwanangu?

Mpendwa mshauri, u hali gani? Juzi nilikusikia redioni ukikohoa katikati ya barua ya yule baba wa Busan, nikakutaja katika sala ya alfajiri. Chemsha peasi na tangawizi, unywe ikiwa moto. Mimi ni mzima kwa neema ya Mungu, ila moyo wangu haujatulia, naomba msaada wako.

Mimi ni shemasi wa kanisa letu hapa Daegu, nina miaka hamsini na nane, na tangu usichana wangu nampenda mwimbaji wa roki Pyo Gwang-hwi, ambaye ni mzee sasa lakini bado analipiga gitaa kama anagombana nalo, basi mwanangu wa pekee Gi-beom akanunua tiketi, twende naye uwanjani mimi na baba yake, nami nikalia kwa furaha, kumbe!

Kwanza ni viti. Gi-beom akaniambia, "Mama, kaa wewe hapa mwisho, utamwona vizuri," na mbele ya kiti hicho kuna nguzo! Kiti cha jirani amekaa mama wa rika langu, mkononi ana shanga za sala za Kibudha, na ana kimbap, ule wali wa kuviringishwa kwa mwani, wa kulisha kwaya nzima. "Karibu dada, kula, kupiga kelele kunataka nguvu." Nikala, mshauri, na ilikuwa tamu kuliko ninayopika mimi.

Akaanza kuniuliza kama nyumba ni yetu au tumepanga, mume wangu anakunywa au hanywi, kisha akauliza kama kwetu tunaandaa meza ya chakula kwa mababu waliokufa. Nikamjibu sisi ni watu wa kanisa, marehemu hatuwasujudii, tunasali tu. Akasema taratibu, "Na mkwe akitaka kumwandalia babu yake, mtamkataza?" Nikamwambia, "Dada, wimbo umeanza."

Gi-beom akaenda kununua kahawa, akarudi na ya yule mama pia, isiyo na sukari, wala hakumuuliza anaipendaje! Halafu uwanja wote ukasimama kuimba na Pyo Gwang-hwi, nami nimejikaza kwenye kiti nikiogopa watu wa kanisa wasinione, yule mama akanivuta mkono, "Mama Gi-beom, simama bwana, kaka yetu huyo!" Nikasimama, nikapiga kelele "Kaka! Kaka!" mpaka sauti ikakauka, na ni katikati ya kelele zile nilipogutuka kwamba mimi jina la mwanangu sikulitaja hata mara moja, nilisema "mwanangu" tu.

Garini nikamuuliza Gi-beom, "Yule mama unamjua?"

"Nitamjuaje, mama, na uwanja umejaa vile?" Masikio yamemwiva mekundu. Baba yake akacheka: "Mke wangu huyu hata jokofu analishuku."

Mshauri, naona nilipelekwa kukaguliwa na mama wa mchumba wake, na waliponikagua nilikuwa narukaruka kama kichaa, na mwanangu anataka kuoa nyumba isiyo ya imani yetu kwa mlango wa nyuma. Namba ya kufungulia simu yake naijua. Niifungue akiwa anaoga? Tafadhali nijibu mapema, Jumapili anakuja kula na kulala kwetu.

Shemasi wa Daegu

*

Dada shemasi,

Simu ya mtu mzima iache ilipo. Utatafuta nini humo ambacho hujakiona kwenye kikombe cha kahawa? Umeshuku sawasawa: ulikaguliwa. Mwanao amekosa kukudanganya, na umwambie hivyo usoni. Lakini jiulize pia kwa nini kijana aliyekulia nyumbani kwako alihitaji uwanja mzima wa watu na gitaa kubwa namna ile ndipo athubutu kuwakutanisha.

Na hizo kelele unazozionea haya, nani alikuvuta mkono? Mtu anayekuhesabia makosa hakusimamishi mcheze pamoja.

Sasa nikugombeze. Yule mama hakuficha imani yake, aliivaa mkononi. Alikuja na swali moja zito kwa ajili ya binti yake, akakuuliza kwa adabu, nawe ukajificha nyuma ya wimbo. Huko kwake naye usingizi haumjii, dada. Anashuku kama unavyoshuku wewe.

Fanya hivi. Kabla ya Jumapili kaa na mumeo, na akianza mzaha wa jokofu mnyamazishe. Salini, kisha mkubaliane: mkwe wenu akitaka kumwandalia babu yake meza, atapika jikoni kwenu au hatapika? Gi-beom akifika, aache ale kwanza. Halafu mwambie, "Nataka namba ya simu ya yule mama." Usiseme zaidi. Masikio yatamwiva tena, lakini namba atakupa.

Kisha umpigie wewe mwenyewe, umpe jibu la swali lake. Kama ni hapana, alisikie sasa, kabla binti yake hajaanza kukuita mama.