Hatua ya Kumi na Sita

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mkeo na wanao. Natumaini kikohozi kilichokusumbua mwezi uliopita kimekwisha, na kwamba umeacha ule ukaidi wako wa kukatiza dawa mara tu unapoona nafuu. Mimi ni mzima. Ni mzima kuliko nilivyokuwa kwa miaka kumi, na hilo ndilo lililonifanya nianze barua hii, ingawa silo nitakalomalizia.

Sikukwambia kwamba mwezi wa pili nilianguka bafuni. Sikuvunjika popote, lakini nilikaa sakafuni tangu asubuhi hadi saa saba mchana, jirani alipokuja kuazima kamba ya nguo, kwa kuwa miguu ilikataa kuniinua. Daktari alisema mifupa yangu inapungua na misuli imelala, na kwamba ili iamke ni lazima ninyanyue vyuma chini ya mtu anayeijua kazi hiyo. Nilimwuliza kama ameona kwenye cheti kwamba nina miaka sabini na mmoja. Akasema ameona, ndiyo maana hakuniandikia kuruka kamba.

Jimu yenyewe iko ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, kwa hiyo hunuka mpira na tapentaini. Ukutani pamebandikwa karatasi inayoagiza watu warudishe “vyuma zote”. Siku ya kwanza nilitoa kalamu nikaisahihisha. Mwalimu wa mazoezi, ambaye kila mtu humwita Kocha, aliniambia, “Mwalimu, wewe nyanyua kwanza, sarufi tutainyanyua baadaye,” na vijana waliokuwa wakitoka jasho pale wakacheka hadi mmoja akalazimika kuweka chuma chini. Nami nilicheka, ila kwa ndani.

Kocha ni mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Siku ya kwanza hakunipa chuma chochote. Alinikalisha na kuniinua kitini mara kadhaa, akizitazama nyayo zangu tu, kisha akaandika kwenye daftari. Alinieleza kwamba mtu anayejizoesha peke yake hujihurumia pasipostahili na kujiumiza pasipostahili, na kazi yake yeye ni kujua tofauti. Nilipenda maelezo hayo. Hata kosa la upatanisho halikuwamo.

Sasa ni mwezi wa nne tangu nianze. Huinuka kitini bila kushika kitu. Hupanda ghorofa mbili bila kupumzika kwenye kona. Majuzi nilibeba mtungi wa gesi kutoka getini hadi jikoni, na mwuza gesi, aliyezoea kunibebea, akabaki mikono mitupu akiniuliza siku hizi nakula nini. Usingizi nao umerudi, au tuseme ulikuwa umerudi.

Kuna zoezi moja ambalo Kocha hulipenda kuliko yote, naye huliita kuchota maji. Mimi hushika chuma chenye mpini kwa kila mkono, kama ndoo mbili, kisha hutembea kutoka dirishani hadi kwenye kioo kikubwa cha ukuta wa ndani. Ni hatua ishirini na mbili. Yeye hunifuata nyuma akihesabu.

Wiki ya tatu ya zoezi hilo, hesabu ilipopita kumi na tano, nilisikia sauti nyuma yangu ikisema: “Kumi na sita. Sita!” Nikasimama, mguu mmoja ukiwa juu. Sikuamua kusimama, mguu wenyewe ulitii.

Wewe unajua ni nani aliyehesabu hivyo. Mdogo wetu, uliyempa jina la Kidoti kwa ajili ya alama ya shavuni, alikuwa na miaka saba alipogundua kwamba sita ni nambari na pia ni amri. Kila alipofika kumi na sita alijiamuru asite, akasita, mguu hewani kama kuku anayewaza, nawe ukacheka mpaka ukakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka kumi na minne na tayari nilikuwa mwalimu.

Nilidhani Kocha amebuni mzaha uleule; si ajabu watu wawili kuona jambo moja katika neno moja. Lakini likatokea siku iliyofuata, na iliyofuata tena. Jumatatu nikatazama kioo badala ya kutazama sakafu. Midomo ya Kocha ilihesabu hadi kumi na tano, ikafungwa. Ilikuwa imefungwa wakati sauti iliposema.

Nilimwuliza. Akasema yeye huishia kumi na tano siku zote, kisha hunyamaza ili mteja ajihesabie, maana huko mwishoni ndiko nguvu inakotafutwa. Alidhani anayesema ni mimi. Akaongeza, akitabasamu, kwamba nikichoka nina kisauti cha kitoto. Mdogo wangu, nikiwa nimebeba vyuma vile sina pumzi ya kutaja hata jina langu.

Akanifungulia daftari. Kila ukurasa, chini ya tarehe, ameandika: hatua 16, amesita. Akaniuliza ni nini kinachonisimamisha pale, ilhali mikono na miguu yangu inaweza hatua thelathini. Sikumjibu, kwa sababu anayestahili jibu ni wewe.

Kwa miaka hamsini na saba umeishi na maneno uliyoambiwa na Mama: kwamba niliwaacha ninyi wawili kisimani, nawe ukamtoroka Kidoti ukaenda kucheza mpira. Ulikuwa na miaka tisa. Ulipigwa, ukaulizwa, ukapigwa tena, na mwishowe ukakubali. Naamini leo unaukumbuka mpira ambao haukuwapo.

Hukuwa kisimani. Mimi ndiye niliyekutuma kwa fundi cherehani ukachukue sketi yangu ya shule, ili Kidoti akose wa kumchekea. Nilimwambia apande zile ngazi za mawe na ndoo zake mbili peke yake, akihesabu kwa sauti, mpaka ahesabu kama watu. Unakumbuka zilikuwa ngapi. Ishirini na mbili. Nilisimama juu kabisa nikimsubiri. Alifika ya kumi na sita, akasema “sita”, akainua mguu, akanitazama akingoja nicheke. Nikampigia kelele: “Endelea!” Akashtuka, akaanguka nyuma hadi chini, asiinuke tena. Ndoo moja ilibaki wima juu ya jiwe. Haikumwagika hata tone.

Mama aliponiuliza, nilimjibu kwa sentensi iliyonyooka, yenye kila kiungo mahali pake, na nadhani ndiyo sababu iliaminiwa. Amekwenda kaburini akikusamehe kosa langu.

Kwa miaka thelathini na minane niliwafundisha watoto kwamba kitenzi kinachoanza na sita- ni ahadi ya mtu kutofanya jambo. Basi na iwe hivyo. Sitakanusha neno lolote humu ukiamua kuwasomea wanao. Sitakuomba unisamehe kwa barua. Sitapiga kelele tena.

Kesho asubuhi nitapita posta kwanza, kisha nitakwenda kuchota maji. Sauti ile ikisema, nitasimama mguu ukiwa juu kwa muda wote Kidoti aupendao, nami nitacheka. Nimejaribu leo mbele ya kioo cha bafuni. Mwanzoni haikuwa rahisi.

Nisalimie mkeo na watoto, mkubwa kwa mdogo, na umalize dawa zako. Ukiona huwezi kunitazama usoni, nitaelewa. Ukiweza, njoo. Chini ya dirisha la jimu kuna benchi. Utakaa hapo, Kocha atanyamaza, nawe utaniambia kama unamsikia.

Ni mimi, dada yako mkubwa,
Mwalimu