Bastola A, Bastola B

Markham, 19 Januari 2025

Baba mpendwa,

Ya Ali Madad. Natumaini barua hii inawakuta wazima huko Arusha, na kwamba nyonga ya Mama imepoa tangu tulipoongea Jumapili. Mimi sijambo. Baridi ni nyuzi kumi na nane chini ya sifuri na gari limekataa kuwaka mara mbili wiki hii. Kliniki inaendelea. Watu wa Markham hawaachi kuumwa meno kwa sababu ya theluji.

Umekataa picha za simu. Ulisema picha inadanganya kingo za tundu, na kwamba fundi wa bunduki hasomi shabaha kwenye kioo. Haya, ndani ya bahasha kuna karatasi nne za shabaha zenyewe. Zishike kwenye mwanga wa dirisha kama ulivyozoea.

Jambo ni hili. Mchujo wa timu ya taifa, bastola ya mita ishirini na tano, ni tarehe 31 Mei. Nafasi ni tatu. Nina miaka arobaini na mbili na huu ndio mchujo wangu wa mwisho, sitajidanganya. Tangu sheria ya 2022, mtu wa kawaida hapa Kanada hanunui tena bastola, ila wachezaji wachache wenye barua ya shirikisho. Mimi ninayo barua, inaniruhusu kununua moja. Duka la klabu limeniachia moja niijaribu palepale uwanjani hadi mwisho wa Aprili.

Kwa hiyo nalinganisha mbili, zote za kujipakia risasi zenyewe, risasi zilezile ndogo. Ya kwanza ni yangu ya siku zote, ya Kiitaliano. Ni nzito, na kifyatulio chake kinajikokota kidogo kabla ya kuachia. Kila risasi mia mbili ganda moja hukwama. Ya pili ni ya Kijerumani, mpya, nyepesi, mpini wake wa mbao unarekebishwa kwa skrubu hadi ukae kiganjani, na kifyatulio chake hukatika kama njiti ya kiberiti. Kasoro yake ni kwamba hutema maganda kwa jirani.

Mpya ilipaswa kunipa alama nyingi zaidi. Hainipi. Ya zamani nayo imeanza kutawanya. Nadhani springi imechoka. Niambie ninunue au nitengeneze.

Mwanao,
Naheed

*

Arusha, 16 Februari 2025

Binti yangu Naheed,

Mowla Ali Madad. Sisi wazima. Nyonga ya mama yako inaumwa akitumwa dukani, na inapona akiitwa harusini. Anayeandika ni yeye mwenyewe, macho yangu unayajua, kwa hiyo sentensi hiyo ameiandika kwa kinyongo.

(Macho hayahaya yamehesabu matundu yako yote bila miwani. Mama.)

Karatasi zimefika siku ya ishirini na tatu. Umezipiga vibaya na umenieleza vibaya zaidi. Hukuandika ipi ilianza, ulipiga saa ngapi, ulikuwa umekula nini. Mteja akinijia na maelezo kama hayo namrudisha nyumbani.

Fanya hivi. Chukua mfuko wa mchanga, laza bastola juu yake, mkono wako usibebe kitu, ukifyatua uwe unafyatua tu. Risasi kumi kwa kila bastola. Halafu simama, mkono mmoja kama kwenye mashindano, kumi tena kwa kila moja. Nyuma ya karatasi andika A au B na tarehe, usiniambie A ni ipi. Fundi akijua jina la bunduki anaanza kuipenda au kuichukia. Na niletee karatasi za zamani pia, kama hukuzitupa. Wewe hutupi kitu.

Usinunue chochote. Wala usiguse springi. Watu hubadilisha springi kwa sababu ni rahisi kuifikia.

Karakana iko kimya. Mwezi huu nimepata bunduki mbili za askari wa wanyamapori na cherehani moja ya jirani.

Baba yako

*

Markham, 9 Machi 2025

Baba,

Ya Ali Madad. Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Mwambie nimeona mabano yake.

Nimefanya ulivyosema, Jumamosi mbili, saa nne asubuhi, chai moja na mkate. Patrick alisimamia. Ndiye mkufunzi wetu, Mrundi anayeishi Rexdale, mchana anafanya kazi ghalani karibu na uwanja wa ndege na jioni anatufundisha. Kila mmoja huku analeta bastola yake ndani ya sanduku lenye kufuli, na kufuli jingine kwenye kifyatulio, kwa hiyo robo saa ya kwanza ni ya kutafuta funguo.

Juu ya mfuko wa mchanga A ilipiga risasi kumi ndani ya duara unaloweza kulifunika kwa sarafu ya shilingi mia. B ilifanya vilevile. Nilizipandisha karatasi moja juu ya nyingine na sikuona tofauti. Nilishangaa, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kwamba moja ina kasoro.

Nikiwa nimesimama, utaona mwenyewe. Zimetawanyika pande zote, A na B.

Patrick aliziangalia akasema, "Docteur, hizi machine zote mbili ni bien, hazina shida. Sasa tukuangalie wewe." Nilimjibu vibaya. Nilimwambia nimeshika sindano na koleo vinywani mwa watu kwa miaka kumi na tano. Akaenda kukusanya maganda. Baadaye nilimwomba radhi.

Nadhani ni kukosa usingizi, au kahawa ya kliniki. Nimeambatanisha karatasi sita za zamani, ya kwanza ni ya Novemba 2023. Kweli situpi kitu.

Naelekea kununua mpya. Niambie kabla ya Aprili kuisha.

Mwanao,
Naheed

*

Arusha, 3 Aprili 2025

Naheed,

Mowla Ali Madad, na Navroz Mubarak ingawa sikukuu imepita. Leo naandika mwenyewe. Mama yako yuko jamatkhana kusali na nimeona nisimpe kazi hii. Vumilia mwandiko.

Nilizipanga karatasi zako zote mezani kwa tarehe, sikuzipanga kwa bastola. Mtu akivuta kifyatulio vibaya, risasi zinakwenda upande mmoja. Akiogopa mlio, zinashuka chini. Zako haziendi popote, zinapanuka tu. Ya Novemba 2023 imepanuka kidogo, ya mwaka jana zaidi, za mwezi uliopita zaidi tena, na kwa bastola zote mbili sawasawa. Ukiweka mchanga chini ya mkono, upana wote unapotea. Usinunue bastola. Nenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu.

Najua kwa sababu karatasi hizi nimeshaziona. Zilikuwa zangu.

Nilikuwa na miaka arobaini na minne. Mzungu mmoja wa safari aliniletea bunduki nirekebishe kilengeo. Niliipiga, ikatawanya. Nikachonga kilengeo kidogo, nikapiga, ikatawanya. Siku tatu. Ndegwa, uliyemwita mjomba, mshirika wangu kwa miaka kumi na mmoja, aliniambia, "Hasham, bunduki haina neno. Acha." Sikuacha. Nilichonga bunduki nzima ili ifuate mkono wangu unaotetemeka, na ilipotoka hapo ilikuwa haifai. Yule Mzungu alikuja na hasira. Nilimwambia kazi ile aliifanya Ndegwa. Nilisema hivyo Ndegwa akiwa amesimama pale. Jioni ile alichukua tupa zake na jiwe lake la kunolea akaenda zake Moshi.

Baada ya hapo nikasema macho yamechoka. Macho yangu ni mazima. Nilianza kumwachia mama yako kalamu, na chai nainywa nusu kikombe. Bibi yako, mama yangu, alikuwa akimwaga chai ya wageni, nasi tukicheka. Kwetu tetemeko hili linarithiwa.

Nilikufundisha kushika bunduki ya upepo ukiwa na miaka tisa, na sikukuambia.

Baba

*

Markham, 4 Mei 2025

Baba,

Ya Ali Madad. Najua kwa wiki tatu simu za Jumapili nimekuwa nikiongelea theluji iliyoyeyuka. Sikuweza zaidi ya hapo, na Mama alikuwa pembeni.

Umesoma sawa. Daktari alinipa kalamu akaniambia nichore mstari wa kuzunguka kama nyumba ya konokono. Nilichora, akaitazama, akaniuliza nani nyumbani ana hali hii. Ilinibidi nitoe barua yako mfukoni.

Dawa ipo. Ni vidonge vya kawaida, hata huko Arusha vinauzwa, watu wa shinikizo la damu wanavijua. Vinatuliza mkono. Kwa sababu hiyohiyo vimepigwa marufuku katika mchezo wetu, na hakuna cheti cha daktari kinachokubaliwa. Nikimeza hata kimoja, jina langu linatoka kwenye mchujo, na nikitoka kwenye mchujo barua ya shirikisho inaisha nguvu. Bila dawa, Jumamosi nilipata 559. Nafasi ya tatu kwa kawaida inataka 565. Kuna siku nzuri ninazofika hapo.

Zimebaki siku ishirini na saba. Vidonge viko kwenye droo ya vijiko, sijafungua.

Nimekukasirikia, Baba. Ungeniambia mapema ningejua tangu Novemba ile ya kwanza. Nimelaumu springi, kahawa, mkufunzi, na bastola isiyo na kosa. Hivyohivyo ulivyofanya wewe, na hata sikuwa na wa kunionya mapema.

Naheed

*

Arusha, 18 Mei 2025

Mwanangu,

Mowla Ali Madad. Una haki ya kukasirika na sitaipunguza. Nilidhani naficha aibu yangu tu.

Umeze au usimeze, hilo sikuambii. Nilishaamulia mkono wa mtu mwingine mara moja, na unajua ilivyokwisha.

Nimempigia Ndegwa huko Moshi. Tulikuwa hatujasemezana miaka thelathini na minne. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ile bunduki iko wapi siku hizi. Nikamwambia sijui. Akasema sawa, akakata. Sikutegemea zaidi.

Mama yako anajua kila kitu, tangu zamani, anasema. Anayeosha vikombe ndiye anayejua nani anamwaga chai.

Baba yako

*

Markham, 8 Juni 2025

Baba mpendwa,

Ya Ali Madad. Natumaini mko wazima. Mimi mzima. Barua yako ya Mei ilifika juzi, wiki nzima baada ya mchujo. Ingefika mapema nisingebadilisha kitu, na nakushukuru kwa kutoniamulia.

Tarehe 20 Mei nilikuwa na mgonjwa, Bi Rukhsana, mama wa miaka themanini anayenijia tangu nilipofungua kliniki. Alihitaji sindano ya ganzi kwenye fizi za nyuma. Nilinyanyua sindano, nikaona ncha yake inachora mduara mdogo hewani. Yeye alikuwa amefumba macho, amefungua kinywa, ananiamini. Niliirudisha kwenye sinia. Nilimwambia mashine imeleta matatizo, arudi kesho kutwa. Nilipotoka nje ya chumba nilijisikia vibaya kwa kusema mashine.

Jioni ile nilimeza kidonge. Asubuhi niliandikia shirikisho nitolewe, na nikarudisha dukani bastola mpya, waliyokuwa wameniongezea muda. Muuzaji aliuliza ilikuwa na kasoro gani. Nikasema haina. Bi Rukhsana alirudi, nikampiga sindano yake, akasema hakuisikia.

Alhamisi kabla ya mchujo nilikwenda klabuni na A. A ni ile yangu ya zamani, nadhani uliijua siku nyingi. Nilipiga mashindano kamili, risasi sitini, Patrick akihesabu. 571. Sijawahi kupata hivyo maishani. Patrick alizihesabu mara ya pili, akakunja karatasi akanipa. "Haiandikwi popote hii, dada," alisema. Nikamwambia najua. Zimo humu kwenye bahasha.

Jumamosi ya mchujo mhesabu alama mmoja hakufika, Patrick akaniomba nikae mezani. Huku bado tunatumia karatasi. Tundu likiwa na utata, mhesabu anaingiza kijiti cha chuma chenye ukosi, yaani pete nyembamba shingoni, na kuangalia kama ukosi unagusa mstari wa alama ya juu. Kijiti kikitikisika, tundu linapanuka na hakuna hukumu tena, kwa hiyo anapewa mwenye mkono uliotulia. Nilipewa mimi.

Mambo yote yalibaki kwenye tundu moja. Aliyelipiga ni dada mmoja wa Ottawa, sijawahi kuongea naye. Ikiwa tisa, anapata 565 na anafungana na mwingine. Ikiwa kumi, ana 566 na nafasi ya tatu ni yake. Alisimama nyuma ya mstari wa njano, mikono mfukoni, ananitazama. Niliingiza kijiti. Kilisimama wima, sikukihisi hata kidogo. Nilikuwa na 571 kwenye mkoba chini ya kiti, na kwa dakika nzima nilitamani ile iwe tisa, Baba, bila faida yoyote kwangu, natamani tu.

Ukosi uligusa. Niliandika kumi, nikatia sahihi, nikampa Patrick naye atie yake. Kisha nikaenda kukaa garini nikalia mpaka mlinzi akaja kugonga dirisha kuniuliza kama nahitaji msaada.

Jumatatu nilikuwa na wagonjwa tisa.

Mwanao,
Naheed