Sehemu ya Pili ya Wavuta Bangi

Jumatatu, tarehe 4
Nimefagia banda la video, nimefuta spika, nimejaribu maiki. Wateja wa hapa Sombetini hawataki Kizungu, wanataka sauti yangu ikiwatafsiria. Sehemu ya pili ya filamu ya wale wavuta bangi wawili imefika. Ya kwanza tulitafsiri mimi na rafiki yangu Elibariki. Mimi sauti ya yule mnene, yeye ya yule mwembamba. Watu walitoka Kisongo kwa miguu. Kicheko kiling'oa misumari mitatu ya paa. Niliiokota mwenyewe.

Jumatano, tarehe 6
Nimeiangalia peke yangu. Mbovu. Kwenye ile ya kwanza walitafuta mzigo wao wa bangi waliousahau kwenye gari la mchungaji, na walipendana, unaona machoni. Sasa wanautafuta kwenye ndege. Vitambi vimetoka, wanacheka bila kuangaliana. Kiingereza sikijui, niliishia darasa la tano, ila nyuso hazinidanganyi. Mwenye Kiingereza ni Elibariki. Tangu apooze mdomo mwaka jana anaongea kwa kuburuta. Ameomba nafasi yake ya zamani kwenye maiki. Mkewe akasema, "Shemeji, amefanya mazoezi miezi yote kwa ajili ya hii tu." Nikakubali. Naogopa jina langu litakufa.

Jumamosi, tarehe 9
Banda lilijaa. Elibariki akaanza. Watu wakatazamana. Kisha mmoja akapayuka, "Huyu bangi imemkolea kweli!" Wakadhani anaigiza. Ningeweza kuwaambia ni ugonjwa. Nikashika maiki: "Ndugu yangu, mdomo umeuacha Kisongo?" Wakagaragara. Kila alipofungua kinywa nilimchapa kwa utani. Akaendelea mpaka mwisho, mate kidevuni. Watu wanasema ya pili imeishinda ya kwanza. Nikajibu tulipanga hivyo. Nilijisikia mfalme.

Jumapili, tarehe 10
Muda wa kuionyesha tena ulifika, Elibariki hayupo. Watu wakaanza: "Mjomba, tunamtaka yule wa mdomo!" Nikapinda mdomo wangu, nikamwigiza kwa maneno yake ya jana. Walicheka kuliko jana. Filamu ilipokwisha nikavuta pazia. Elibariki alikuwa amesimama mlangoni, kavaa koti lake la kanisani. Kumbe alichelewa tu.

Jumanne, tarehe 12
Nimekwenda kwake. Mkewe akaniwekea chai, akaingia ndani. Elibariki alikaa mbele yangu. Ilimchukua muda, lakini nilielewa kila neno: "Umeniigiza vizuri kuliko mimi mwenyewe."
Nimemaliza chai. Akainuka, akanisindikiza mpaka barabarani, kama mgeni. Miaka ishirini sijawahi kusindikizwa pale.