Kumchora Mama Mkwe Bila Kumtazama

Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Siku ya kwanza ya darasa la rangi. Daktari alisema presha yangu inataka kazi ya mikono isiyo na makelele. Kule stoo ya mahindi kazi yangu ni mizani na kipima unyevu, na kila mkulima ninayemrudishia mahindi mabichi ananiachia presha mezani na kwenda zake. Basi nikajiandikisha. Miaka hamsini na moja, mimi Murunga mzima, na brashi niliyowahi kushika ni ile ya kupaka ukuta wa choo!

Darasa liko kwenye ukumbi wa kanisa letu hapa Langas. Mwalimu ni Chebet, umri wa binti yangu. Ananiita Mzee halafu ananiamrisha kama askari. Tuko saba. Jirani yangu mezani ni Kigen, mfugaji wa Cheptiret. Tuliambiwa tuchore kikombe. Kigen akachora kikombe vizuri sana, kisha akaweka ng'ombe nyuma yake. Chebet akamuuliza huyo ametoka wapi. Akajibu kwamba maziwa ya chai hayatoki hewani.

Chebet alituonya: rangi hii ya akriliki inakauka haraka, toeni kidogo kidogo. Mimi sipendi kazi ya kidogo kidogo. Nikakamua tyubu zote sita. Tukaenda chai. Kurudi — plastiki! Nimebandua rangi yangu kwenye sahani kama ukoko wa ugali.

Nyumbani mke wangu Nasambu ametazama kikombe changu kwa muda mrefu. Ameuliza ndoo ni ya nani.

Jumamosi, 11 Oktoba

Aibu.

Nilisahau turubai ya kuchorea. Lakini mimi ni mtu wa magunia, nikasema kitambaa ni kitambaa. Nikatandaza gunia la katani mezani nikachora kabichi. Kabichi ikatoka nzuri, mpaka Kigen akainuka kuja kuangalia. Nikainua gunia nimwonyeshe vizuri. Kabichi ikabaki mezani.

Rangi ilikuwa imepenya kwenye matundu yote. Nikasugua kwa maji. Kwa sabuni. Kwa kucha. Akriliki ikishakauka haisikii neno la mtu. Na meza yenyewe ndiyo ile inayotandikwa siku ya Ushirika! Pasta alikuja, akainama, kisha akasema watatafuta kitambaa kirefu zaidi.

Chebet anasema hiyo ya mezani ndiyo kazi yangu bora kufikia sasa. Nimekosa kujua kama nikasirike au nishukuru. Nimeshukuru kidogo.

Jumapili, 12 Oktoba

Siwezi kulala mchana huu, na nilikuwa nimejipangia kulala.

Tulikwenda Moi's Bridge jana jioni, nyumbani kwa kina Nasambu, tukarudi leo baada ya ibada. Kulikuwa na kikao cha familia. Mimi nilikaa nje na wanaume, Mama mkwe jikoni, kama kawaida. Kwetu Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Hakuna kushikana mikono, hakuna meza moja. Ukimwona anakuja njiani, unaingia kwenye mahindi ya watu na kungoja apite. Miaka ishirini na sita ya ndoa, na mimi ninachomjua Mama ni sauti yake na visigino vyake. Jina lake siliandiki hata hapa.

Sasa macho yake yanakufa. Presha ya macho. Wabuge, kaka yake Nasambu, ametueleza kwamba daktari haahidi kitu. Mama amesema ana ombi moja. Sebuleni kuna picha ya marehemu mumewe, ilichorwa na fundi wa mabango miaka mingi iliyopita. Anataka ya kwake ikae kando ya ile. Ya kuchorwa, si ya simu. Na iwe tayari siku ya shukrani ya familia, tarehe mbili Novemba, aione mwenyewe wakati bado anaona.

Hapo ndipo mke wangu aliposimama na kusema mume wake siku hizi ni msanii.

Msanii! Kikombe kimoja na kabichi ya mezani! Wakapiga makofi. Mzee mmoja tu ndiye aliyeinama na kuuliza taratibu, mkwe atamchoraje mtu asiyemtazama? Watu wote wakanigeukia. Nilitaka kusema haiwezekani. Kutoka jikoni nikasikia sauti ya Mama ikishukuru. Nikasema sawa.

Mimi ni mwoga wa aina mbaya. Yule anayeogopa kukataa.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimepekua albamu zote. Mama yumo kwenye picha kumi na moja. Katika zote amevuta kitambaa usoni, au ameinama, au amejificha nyuma ya sufuria. Nikajiuliza mbona mama huyu hapendi kamera hivyo. Kisha nikagundua: katika kila picha, mimi pia nipo. Alikuwa ananikimbia mimi!

Arusi yetu ndiyo mbaya zaidi. Mimi nimesimama mbele natabasamu kama mjinga, na kule pembeni kuna leso yenye maua. Leso hiyo ndiyo mama mkwe wangu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Wabuge ametuma picha ya kitambulisho kwa WhatsApp. Ndogo, nyeusi. Nikaifungua, nikaifunga. Picha si uso, najua. Lakini niliilaza simu kifudifudi mezani, kana kwamba nimemkuta bafuni.

Nikapata akili. Nikatoboa karatasi tundu dogo, nikaiweka juu ya simu, nikawa namwona kipande kimoja kimoja. Pua kwanza. Kipande cha pua si mtu, hakuna dhambi. Halafu jicho. Halafu kidevu. Chebet alipita akauliza nafanya nini. Nikamweleza mila yetu. Akasema kwao Wakalenjin nako kuna heshima zake, lakini uso hauuzwi rejareja.

Alikuwa na haki. Kila kipande kilitoka sawa, lakini vilipokutana vilikuwa wanawake wanne wanaogombana. Rangi ya ngozi nayo imekataa: nachanganya hudhurungi, inatoka kijani. Kigen amesimama nyuma yangu, amevua kofia, ameuliza kwa heshima huyu mjomba wangu alifariki lini.

Jumatatu, 20 Oktoba. Mashujaa.

Sikukuu, stoo imefungwa. Wazo jipya, la Chebet. Watu husema Nasambu na mama yake wamefanana sana. Basi nimchore Nasambu, halafu nimwongezee miaka.

Amekaa vizuri dirishani, amejipaka mafuta, amevaa hereni za arusi. Saa mbili nzima! Nimemtazama mke wangu zaidi kuliko miaka kumi iliyopita, na nimeona ni mzuri, na nimemwambia. Alicheka kama msichana. Mimi nikafurahi, nikazidi kuchora. Nikaongeza mikunjo. Mashavu nikayashusha. Meno mawili nikang'oa.

Kisha akaomba kuona.

Jumanne, 21 Oktoba

Chai bila sukari. Bila maziwa. Bila salamu.

Na ile picha sura yake bado ni ya Nasambu mgonjwa, si ya Mama. Nimeipaka nyeupe yote. Siku kumi na mbili zimebaki.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mama ameletwa mjini kliniki ya macho. Kulala kwetu haiwezekani, kwa hiyo yuko kwa jirani, Mama Waiyego, ukuta mmoja tu. Usiku namsikia akikohoa, na asubuhi napita uani kichwa chini mpaka nagonga kamba ya nguo.

Nasambu alirudi kutoka kliniki akaketi bila kuvua koti. Jicho la kushoto limeenda. La kulia linaona, lakini kwa miezi, daktari hasemi mingapi. Nikamshika mkono. Ile hasira ya picha imeisha, au imeahirishwa.

Nimelia kidogo chooni. Mama huyu, kila nikienda kwao, hunitumia kuku mzima na mimi humshukuru kupitia ukuta.

Baadaye alituma ujumbe kupitia Nasambu: Jumamosi atakaa barazani kwetu, amenipa mgongo, mimi nikae mlangoni. Nichore bega na kitambaa kwanza. Mengine tutaona. Ni yeye aliyepanga! Nimekaa wiki mbili nikitoboa karatasi na mwenye uso alikuwa na mpango wake.

Jumamosi, 25 Oktoba

Leo sikwenda darasani. Naandika hapa hapa mlangoni, daftari juu ya paja, brashi kwenye kikopo. Nitaeleza kwa nini.

Tulianza saa tatu. Mama barazani, mgongo kwangu. Mimi kizingitini. Nasambu katikati yetu kwenye stuli, mkalimani wa watu wawili wanaozungumza lugha moja na kusikiana vizuri kabisa. Nikasema, mwambie Mama asogee kidogo kwenye mwanga. Mama akasogea kabla hajaambiwa. Akasema, mwambie baba watoto mguu wangu umekufa ganzi. Nikasema, mwambie aunyoshe. Nasambu akasema yeye si redio.

Bega likatoka. Nasema kweli, likatoka! Kitambaa cha kichwa, mkunjo wa shingo, sikio moja dogo lenye tundu la hereni. Ngozi ikakubali kuwa hudhurungi. Sijawahi kuchora kitu kikawa chenyewe namna ile. Nilikaribia kuita watu.

Halafu Mama Waiyego akaita kutoka ng'ambo, dawa ya matone iko wapi, na Nasambu akainuka kwenda kumwonyesha. Tukabaki wawili. Nikasimamisha brashi. Sisi hatujawahi kubaki wawili.

Mama akasema, mara ya kwanza bila mtu katikati:

"Murunga. Hili jicho limebaki peke yake. Limeona watu wangu wote, isipokuwa wewe. Nimekuita uje kunichora, lakini mimi ndiye nataka kuona."

Nikaitia brashi kwenye kikopo. Yeye akaendelea:

"Wazee nimewauliza. Wawili wamekataa, mmoja amesema kwa mgonjwa Mungu anaelewa. Nimemchukua huyo mmoja. Sasa nageuka. Kama unakimbia, kimbia."

Kiti kimelia kwenye simiti. Sikukimbia, lakini pia sikuinua kichwa. Nilichukua daftari hili kwenye mfuko wa rangi, nikafungua, nikaanza kuandika ili macho yapate kazi. Ndiyo haya ninayoandika tangu pale juu. Najua amenigeukia. Naona ncha ya gauni lake.

Ameuliza naandika nini. Nimesema ni mahesabu ya stoo, Mama. Amesema stoo itangoja.

Ananitazama. Nalisikia jicho lake kwenye paji la uso wangu, na sijui nifanye nini na mdomo wangu. Naogopa, lakini si ile hofu ya zamani. Naogopa nikiinua kichwa nitalia mbele ya mama mkwe, na hilo wazee hata hawakuulizwa.

Amecheka. Taratibu, kama mtu aliyepata kitu alichokipoteza.

"Kumbe una mvi," amesema. "Mimi kila siku nilikuwa nampikia kijana."

Nasambu harudi. Nafikiri hakuna dawa iliyopotea huko. Mama ameweka mikono magotini, anangoja zamu yangu. Bega limekamilika, na pale juu yake kuna duara jeupe la uso. Ukurasa huu umebaki na mistari mitatu. Naandika kwa herufi ndogo sana.