Daktari Anayesema Kibena

Makambako, Jumapili

Baba mpendwa,

Upepo wa huku unapenya hata sweta, ila shangazi ananishibisha viazi vya moto.

Hapa Lyamkena amekuja daktari wa macho, Mzungu. Kiswahili anakijua, Kibena hakijui, kwa hiyo namtafsiria. Bibi mmoja alikuwa haoni kwa sababu ya mtoto wa jicho. Alipopasuliwa, nilikaa naye siku tano nikimwambia kwa Kibena atulie, asiguse bandeji.

Jana ilifunguliwa. Bibi akatazama mikono yake, akaigeuzageuza kama ya mtu mwingine. Daktari akamsalimu, lakini bibi hakumjali. "Daktari wangu yuko wapi?" akauliza.

Nikamsalimu kwa Kibena, "Kamwene, bibi."

Akageuka, akanishika mashavu. "Kumbe aliyenirudishia macho ni binti."

Nilishindwa kumwambia kwamba mimi natafsiri tu.

Wasalimie wote Kifanya, na mama asikose moto jioni. Ile barua ya chuo cha ualimu naomba usiijibu kwanza. Nataka kusoma mpaka yule bibi awe hajakosea.

Mwanao,
Yudita